Askari na Siku ya Kuvua Sare

(Mazungumzo baada ya Taarifa ya Habari)



Kila mara askari wetu wanapoagwa kwa kustaafu, sisi watu wa habari hutangaza idadi yao, vyeo vyao na maneno ya mgeni wa heshima. Taarifa huishia hapo, na kesho yake tunaendelea na mambo mengine ya dunia. Lakini kwa yule mzee aliyevua sare, mambo ndiyo kwanza yanaanza. Asubuhi ya siku ile hakuna baragumu la kumwamsha wala gwaride la kumsubiri. Gari la kikosi halimpitii tena. Chumba cha kambini alicholelea watoto wake kinangojewa na askari mwingine aliye kazini, na mke wake anauliza swali moja tu: tunahamia wapi?

Katika mazungumzo yetu ya leo tunakusudia kueleza, kwa hesabu zinazoweza kupimwa na kila mmoja, malipo ya kustaafu ni kitu gani hasa, kwa nini huwapotea wengi mikononi, na askari aliye kazini leo aanze lini kujiandaa. Jibu la swali hilo la mwisho tunalitoa mapema: aanze mwezi huu.

Ndugu wasikilizaji, kwanza tuijue haki yenyewe. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika kifungu cha 254, inasema kwamba mtumishi wa umma anapostaafu atapata pensheni inayolingana na cheo chake, mshahara wake na muda aliotumikia. Inasema tena kwamba pensheni hiyo haitatozwa kodi, itaangaliwa upya mara kwa mara kadiri thamani ya fedha inavyobadilika, na italipwa kwa wakati bila ya kumsumbua mstaafu. Kwa hiyo pensheni si sadaka, wala si hisani ya mkubwa fulani ofisini. Ni jasho la askari mwenyewe lililowekwa na sheria mpaka siku yake.

Sasa tuingie katika hesabu. Tumchukue sajini mmoja wa polisi, wa mfano tu, ambaye hatutampa jina. Amefanya kazi miaka 30, yaani miezi 360. Tuseme, ili hesabu iwe nyepesi, kwamba mshahara wake wa mwisho ni shilingi 500,000 kwa mwezi, ambazo kwa mwaka ni shilingi 6,000,000. Sheria ya Pensheni huchukua idadi ya miezi ya utumishi, huizidisha kwa mshahara wa mwaka, kisha hugawanya kwa 500. Jibu la sajini wetu ni shilingi 4,320,000. Hiyo ndiyo pensheni yake kamili ya mwaka mzima, sawasawa na shilingi 360,000 kwa mwezi. Tukumbuke kwamba miezi inayohesabiwa haizidi 435, na ndiyo maana hata aliyetumikia muda mrefu kuliko wote hawezi kupata zaidi ya asilimia 87 ya mshahara wake.

Kisha pensheni hiyo hugawanywa mafungu mawili. Theluthi moja yake, yaani shilingi 1,440,000, huzidishwa kwa miaka 15, na sajini wetu hukabidhiwa kwa mkupuo shilingi 21,600,000. Hicho ndicho kiinua mgongo. Theluthi mbili zinazobaki hugawanywa kwa miezi 12, naye hupata shilingi 240,000 kila mwezi. Akijaliwa kuishi zaidi ya miaka 15 baada ya kustaafu, pensheni yake hurudi kuwa kamili. Akifariki kabla ya hapo, warithi wake wanaotambuliwa na sheria huendelea kulipwa mpaka miaka hiyo 15 itimie. Jeshi lina kanuni zake, na mwanajeshi aziulize katika ofisi ya malipo ya kikosi chake mapema. Lakini fungu la mkupuo na fungu la kila mwezi yako huko pia, na mafunzo ni yale yale.

Hapa, ndugu wasikilizaji, ndipo tunapoomba masikio yenu yote. Ile milioni 21 na laki sita ni nini? Wengi huiona kama zawadi, kama bahati iliyomwangukia mtu kutoka mbinguni baada ya miaka mingi ya taabu. Lakini tazameni hesabu. Pensheni kamili ilikuwa shilingi 360,000 kwa mwezi. Sasa analipwa 240,000. Zile 120,000 zinazokosekana kila mwezi zimekwenda wapi? Zimo ndani ya ule mkupuo. Shilingi 120,000 kwa miezi 180 ni shilingi 21,600,000 barabara, haipungui hata senti. Serikali haikumwongezea kitu. Imempa mapema chakula chake mwenyewe cha miaka 15. Basi mtu anayezimaliza fedha hizo katika miezi sita amekula katika miezi sita chakula kilichopangwa kwa miaka 15, na miaka 14 na nusu inayobaki ataishi kwa theluthi mbili.

Na jinsi fedha hizo zinavyokwisha twaijua sote. Habari zikisikika kijijini kwamba afande amelipwa, ndugu waliokuwa hawajulikani hutokea. Mmoja ana ada ya shule, mwingine ana mgonjwa, wa tatu ana biashara ambayo haikosi faida. Hununuliwa gari kuukuu ambalo hukaa gereji siku nyingi kuliko barabarani. Wengine huoa tena kabla hawajamaliza kuezeka nyumba ya mke wa kwanza. Hakuna ubaya katika kumsaidia ndugu, na mtu aliyetumikia nchi yake miaka 30 ana haki ya kufurahi. Ubaya ni kutoa chakula cha miaka 15 kwa siku moja, kwa sababu ya kuona aibu kusema hapana.

Sasa tumtazame sajini yule yule akiwa amefanya vingine. Tuseme alikwisha kujenga nyumba yake ndogo ya mabati kabla ya kustaafu, na watoto wake wamemaliza shule. Ule mkupuo akauweka mahali pa salama panapozaa, baada ya gharama na kodi, faida ya asilimia 10 kwa mwaka. Faida hiyo ni shilingi 2,160,000 kwa mwaka, yaani 180,000 kwa mwezi. Ukijumlisha na pensheni yake ya shilingi 240,000 anapata 420,000, na zile milioni 21 bado ziko palepale. Watu hawa wawili walivaa sare moja, walitumikia miaka sawa na walilipwa sawa. Mmoja anaishi kwa shilingi 240,000, mwingine kwa 420,000. Kilichowatenganisha ni mambo waliyoyafanya kabla ya siku ya kuvua sare.

Tunasema kabla, kwa sababu mtu anayefika siku ile bila nyumba hana hiari. Ni lazima avunje mkupuo wake ajenge. Mwenye madeni ni lazima alipe. Mwenye watoto wadogo shuleni ni lazima atoe ada. Akiba ya miaka ya kazi ndiyo inayoulinda mkupuo usiguswe.

Jirani zetu wameliona jambo hili na kila mmoja amelitafutia njia. Nchini Kenya, tangu tarehe 1 Januari 2021, watumishi wa serikali, walimu na polisi waliokuwa chini ya umri wa miaka 45 waliingizwa katika mfuko mpya wa pensheni. Mwaka wa kwanza walikatwa asilimia 2 ya mshahara, mwaka wa pili asilimia 5, na tangu mwaka wa tatu asilimia 7.5, huku serikali ikiwawekea asilimia 15. Tanzania nayo iliunganisha mifuko yake ya watumishi wa umma kuwa mmoja mwaka wa 2018, ambamo mtumishi hutoa asilimia 5 na mwajiri asilimia 15. Rwanda, tangu mwaka wa 1997, ina chama cha akiba na mikopo cha majeshi yake kiitwacho Zigama, na jina lenyewe kwa Kinyarwanda ni amri: weka akiba.

Hapa kwetu Uganda pensheni ya askari wa polisi hutoka katika hazina ya serikali, na askari hakatwi kitu kwa ajili yake. Huenda mtu akasema kwamba sisi tumepata nafuu. Ni nafuu kweli, lakini ina mtego ndani yake. Mwenzetu wa Kenya, apende asipende, fedha yake ya uzeeni huondoka kabla hajaiona. Kwetu fedha hiyo hubaki mfukoni, na fedha iliyo mfukoni ina miguu. Kwa hiyo ni juu ya askari wa Uganda kujikata mwenyewe. Asilimia 7.5 ya mshahara wa shilingi 500,000 ni shilingi 37,500. Ajiulize kila mmoja: mwezi uliopita mimi nilijiwekea kiasi gani?

Twajua kuna atakayejibu kwa uchungu: mshahara wangu hauniishii mwezi, niweke nini? Swali hilo ni la haki, na hatuwezi kulijibu kwa dharau. Konstebo mwenye watoto wanne hana cha kuchezea. Lakini tumwonyeshe nguvu ya muda. Tuseme askari kijana anaweka shilingi 20,000 kila mwezi, ambazo ni 240,000 kwa mwaka, mahali panapotoa faida ya asilimia 8, na faida ile haitoi, huiacha izae nyingine. Baada ya miaka 25 atakuwa na takriban shilingi milioni 17 na nusu, ingawa kwa mkono wake ameweka milioni 6 tu. Mwenzake aliyengoja miaka 10 ndipo akaanza, akaweka kiasi kile kile kwa miaka 15, atakuwa na milioni 6 na nusu. Alichelewa miaka 10, akapoteza milioni 11. Ndiyo maana kidogo cha kijana hushinda kingi cha mzee.

Swali linalofuata ni la mahali. Wanajeshi wetu wana chama chao cha akiba na mikopo, Wazalendo, kilichoanzishwa mwaka wa 2005. Polisi wana chao kiitwacho Exodus. Uzuri wa vyama hivi ni kwamba akiba hukatwa kabla mshahara haujafika mkononi, na mwanachama hupata mkopo kwa masharti yanayovumilika. Njia ya pili ni hati za serikali, ambazo raia huikopesha serikali fedha naye hulipwa faida kwa muda uliopangwa. Hati hizo huuzwa kwa mnada na Benki Kuu ya Uganda, na mtu wa kawaida anaweza kuanza na shilingi 100,000 kupitia benki yake. Njia ya tatu ni mfuko wa taifa wa akiba ya wafanyakazi, ambao sheria yake ilirekebishwa mwaka wa 2022 ili kupanua mlango wa wanaotaka kuweka kwa hiari. Mwenye busara hataweka mayai yake yote katika kiota kimoja.

Kuna wanaoziamini noti zilizofichwa nyumbani. Hao tuwakumbushe mwezi wa Mei mwaka wa 1987, fedha ilipobadilishwa hapa nchini. Shilingi 100 za zamani zilifanywa shilingi 1 mpya, na juu ya hayo serikali ikakata asilimia 30. Aliyekuwa na shilingi 100,000 za zamani aliondoka na 700 mpya. Hata katika miaka ya utulivu bei hupanda polepole. Zikipanda kwa asilimia 5 tu kwa mwaka, baada ya miaka 14 hivi kila kitu kitakuwa kimepanda maradufu, na noti zilizolala sandukuni zitanunua nusu ya zilichokuwa zikinunua. Ndiyo sababu akiba lazima izae, na ndiyo sababu nyumba, shamba lenye hati safi na mifugo inayotunzwa havipitwi na wakati.

Lakini tuseme pia juu ya adui aliyemo ndani ya ngome, naye ni deni. Chama cha akiba kinamkopesha askari, benki inamkopesha, na mkopeshaji wa mtaani anachukua kadi yake ya benki na namba yake ya siri kama rehani. Wako wanaofika mwisho wa mwezi wakaona mshahara umekwisha kugawanywa kabla hawajaushika. Mkopo wa kununua kiwanja au kulipa ada ni chombo cha kazi, kama jembe. Mkopo wa arusi, wa simu mpya au wa kulipia mkopo mwingine ni shimo. Na kanuni moja ishikwe bila kulegea: pasiwe na mkopo wowote unaovuka siku ya kustaafu, maana mshahara utakoma lakini deni halistaafu.

Adui wa pili ni mwenye ahadi kubwa. Nchini Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati ule, palikuwa na kampuni mjini Kinshasa iliyoitwa Bindo Promotion, ikiwaahidi watu kuwazidishia fedha zao mara nyingi kwa muda mfupi. Wa kwanza walilipwa kwa fedha za waliokuja nyuma, wakaitangaza kwa furaha. Mwaka wa 1991 ikaanguka, na akiba za watu wengi zikaanguka nayo. Michezo ya namna hiyo imetokea katika nchi zetu zote za Afrika ya Mashariki, na kila mara hurudi na jina jipya. Mstaafu mwenye mkupuo mkononi ndiye windo wanalolipenda. Anayekuahidi kuzidisha fedha yako maradufu kwa miezi mitatu, muulize biashara gani inayofanya hivyo. Na kama hana jibu linaloeleweka, mwonyeshe mlango.

Katika ardhi nako tahadhari inatakiwa. Kiwanja kinunuliwe baada ya kuchunguza hati katika ofisi ya ardhi, kuwauliza majirani na viongozi wa mtaa, na, ikiwa ni kibanja, kupata idhini ya mwenye ardhi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inataka pia idhini ya mke au mume kabla ya kuuza ardhi ambayo familia inaishi juu yake au inajilisha kwayo. Askari aliyepewa kiwanja bila idhini hiyo amenunua kesi.

Lililobaki ni dogo kwa macho lakini limewachelewesha wengi: makaratasi. Barua ya kwanza ya kuajiriwa, barua za kuthibitishwa na za kupandishwa cheo, tarehe ya kuzaliwa iliyo sawa katika faili na katika kitambulisho cha taifa, na majina yaliyoandikwa kwa namna moja kila mahali. Herufi moja iliyokosewa mwaka ulioajiriwa yaweza kukungoja miaka 30, ikakushika siku ya malipo. Irekebishe sasa ungali na kikosi kinachokujua. Na orodha ya warithi ifuate hali ya leo ya nyumba yako, maana kazi yetu ni ya hatari na si kila askari hufika siku ya kuagwa. Mke au mume na aonyeshwe makaratasi hayo yalipo, aijue akiba na aijue mikopo. Wajane wengi wamezungushwa ofisi kwa ofisi kwa sababu marehemu aliona mambo ya fedha kuwa siri yake.

Ndugu wasikilizaji, askari hufundishwa tangu siku ya kwanza kwamba hakuna operesheni bila mpango: atapita wapi, atakula nini, atarudi vipi. Kustaafu ni operesheni ambayo tarehe yake inajulikana miaka mingi mbele, na bado wengi huiendea bila ramani. Serikali ina wajibu wake uliowekwa na Katiba, wa kulipa pensheni kwa wakati na kuitazama thamani yake, na wajibu huo haupunguzwi na neno lolote tulilolisema leo. Lakini wajibu wa nyumba yako uko mikononi mwako. Jioni ya leo, baada ya zamu, chukua karatasi na kalamu. Andika miezi uliyokwisha kutumikia na miezi iliyobaki, deni ulilo nalo na akiba uliyo nayo. Kisha mwite mwenzako wa nyumbani mkae mzisome pamoja.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Na kibaba chenyewe kinataka miaka mingi ya kujazwa.